Mashine ya Kunyakua Pipi, Ghorofa ya Sita

Jumamosi, 5 Septemba 2009

Leo wiki saba tangu tufunge ndoa Moshi. Bado nikimsikia Heriel akikohoa bafuni moyo unaruka. Mume wangu! Nimeliandika ili nilione.

Huzuni yetu ni moja. Viza yake iliisha Jumatatu. Tuliingia Guangzhou siku moja, yeye akapewa siku thelathini, mimi sitini. Ameomba kuongezewa, wamekataa. Na sasa polisi wanapita nyumba kwa nyumba kukagua pasi za kusafiria. Mikoba yake ya biashara, inayoshonwa kwenye viwanda vya mji wa Shiling, itakuwa tayari tarehe ishirini, ndipo aende zake kwa amani. Mpaka hapo anajificha ndani, pazia zimefungwa, mimi ndiye ninayetoka.

Leo alinituma mtaa wa maduka wa Yide Lu kununua kamba na utepe wa kufungia mizigo. Nimerudi na mashine ya kunyakua pipi. Ya plastiki, nyekundu, kimo cha ndoo. Unatia sarafu bandia, unasukuma vifimbo, mkono wenye vidole vitatu unashuka kwenye pipi, na muziki unapiga. Mwanamume aliyefungiwa ndani anahitaji kitu cha kumchekesha.

Kamba nimesahau.

Jumapili, 6 Septemba

Mpango! Albina, mke wa Medard wa ghorofa ya saba, ana televisheni kubwa, na kila Jumapili baada ya ibada wanawake wa kwetu hujaa kwake. Juzi hapo kwake aliniuliza mbele ya wote kama mume wangu nimemweka kabatini na vidonge vya kufukuza nondo. Walicheka mpaka chai ikamwagika.

Leo nimewaalika kwangu. Wamekuja tisa. Albina amefika wa mwisho, akasema anaangalia tu. Ameangalia mara kumi na nne na hajanyakua hata pipi moja. Raha iliyoje.

Heriel alikaa chumbani, kisha akatoka, akashika vifimbo, akacheka. Mara ya kwanza tangu Jumatatu. Meno yake jamani.

Walipoondoka aliniambia taratibu kwamba tulikubaliana watu wasijue yupo. Nikamjibu hawa ni wa kwetu. Akasema hata wa kwetu wana miguu, na miguu husikika kwenye ngazi. Lakini alikuwa anamung'unya pipi, kwa hiyo hakukasirika sana.

Jumanne, 8 Septemba

Jengo zima lina sheria moja. Polisi hugonga, sisi hupiga hodi. Mlango ukigongwa, kimya, hata mtoto hakohoi. Ukisikia hodi, fungua.

Leo umegongwa. Heriel akaruka kabatini. Nikazima mashine, nikazima feni, nikawa kama maji mtungini. Kumbe ni mzee Liang, mlinzi wa getini. Nilimtambua kwa kikohozi chake, nikafungua. Alikuja kulalamikia kelele za muziki. Nikampa sarafu tatu. Amenyakua pipi tatu! Ana mjukuu. Akaondoka amezishika kiganjani kama vifaranga.

Jioni amegonga tena. Heriel kabatini tena, safari hii mlango wa kabati ukang'oka bawaba. Nimemkuta amekaa juu ya mashati, magoti kifuani, ameushikilia mlango kwa mikono miwili. Niligeuka ukutani nikalia kidogo.

Hapana. Mume wangu hatakimbizwa na mzee wa watu anayetaka pipi. Nimepata wazo.

Alhamisi, 10 Septemba

Nimemfundisha mzee Liang kupiga hodi. Nilimsimamisha nje ya mlango, nikamwonyesha asigonge, aite. Ameelewa upesi kuliko Albina na vifimbo. Anavua kofia, anasema "Ho-di," anasubiri nimwambie karibu. Amekuja mara nne leo, na Heriel hakutoka kitini hata mara moja. Mwenyewe naona nina akili.

Albina amenisimamisha kwenye ngazi, akaniambia nimempa mlinzi ufunguo wa jengo zima. Nikamwambia ufunguo anao tangu zamani, ndiyo kazi yake. Akaniangalia sana. Wivu ni ugonjwa.

Ijumaa, 11 Septemba



Saa nne asubuhi tulisikia vishindo chini. Wakagonga ghorofa ya nne, kimya. Wakagonga ya tano, kimya. Heriel alikuwa kwenye mashine, mkono wake wa vidole vitatu umenasa pipi ya bluu aliyoiwinda tangu Jumamosi. Akaachia vifimbo, akaanza kuinuka aende chumbani.

Kisha mlangoni kwetu sauti ya upole: "Hodi."

Nilimwona Heriel akirudi kukaa. Nikaitikia karibu kwa moyo wote, nikafungua.

Mzee Liang, kofia mkononi. Nyuma yake polisi wawili. Hakuna ubaya usoni mwake, hilo nitaapa. Walimwambia aombe mlango ufunguliwe, naye akaita kama nilivyomfundisha. Aliangalia mashine, akamwangalia Heriel, ndipo akaelewa, akainamisha kichwa.

Waliomba pasi. Heriel akawapa. Akavaa viatu bila haraka, akafunga kamba vizuri, kama siku ya harusi. Pipi ya bluu ilianguka palepale ilipokuwa.

Jumatatu, 14 Septemba

Nimeruhusiwa kumwona kidogo. Amekonda kwa siku tatu tu! Watamrudisha nyumbani Alhamisi. Mikoba ya Shiling ataifuatilia Medard.

Nililia, nikasema ni mimi niliyesababisha. Hakukataa. Hakusema pia kwamba ni mimi. Alinishika vidole vyote kumi.

"Kissa, mke wangu, nisikilize," alisema. "Nunua tiketi ya ndege hiyohiyo. Turudi pamoja. Usifanye jambo jingine lolote."

Nikaahidi. Nimeahidi mara tatu.

Albina ameleta ugali na mchicha. Hakusema alinionya. Alikaa, tukala, akaosha vyombo. Ni afadhali angesema.

Alhamisi, 17 Septemba

Ndege imeondoka.

Nilimwona uwanjani kupitia kioo, kati ya maofisa wawili. Kwanza alinitafuta mimi. Akanipata, akatabasamu. Kisha akatafuta begi langu miguuni pangu. Akatazama kulia kwangu, kushoto, tena miguuni. Nilimwonyesha kwa mikono kwamba nakuja baadaye, ni jambo zuri, asijali. Hakuelewa. Waliposogea aligeuza shingo mpaka ikashindikana.

Ataelewa tu! Jumanne nikienda kununua tiketi nilipita Yide Lu. Laobani, yaani mwenye duka, akanionyesha mashine mpya, kubwa, za kusimama. Nikaona akilini ukumbi wetu wa michezo Moshi: mashine arobaini, watoto wamejaa, Heriel mlangoni akicheka na meno yale. Kosa langu lote nitalifuta kwa siku moja. Nauli yote nimeitoa kuwa malipo ya awali.

Mashine zitakuwa tayari tarehe kumi Oktoba. Viza yangu inaisha tarehe thelathini mwezi huu. Siku kumi tu katikati, nitakaa ndani.

Moja wameniletea leo, niijaribu. Muziki wake ni mtamu kuliko wa ile ndogo. Unasikika mpaka getini.