Matofali ya Malaika

Jumatatu, 18 Agosti
Mama Sidonie wa kamati ya watoto amepita asubuhi. Ndiye aliyemleta Malaika kwetu miaka miwili iliyopita, vita ilipotawanya watu wa kijiji chake upande wa Salamabila. Leo amekaa kwenye kiti changu kizuri na kusema maneno mabaya. Shule ya msingi ilikuwa bure. Sekondari si bure. Kamati haina kitu. Mtoto ana akili, na huko Nyangwe kuna familia inayoweza kumlipia minervali, yaani karo. Nisipolipa kabla ya mwezi kwisha, atahamia kwa familia hiyo.

Nimemwambia asiwe na wasiwasi, mimi ni mtu wa mipango. Akamtazama mke wangu, Feza. Feza akatazama paa.

Malaika alikuwa mlangoni. Begi lake linaning'inia kwenye msumari uleule tangu siku alipofika, nguo zimekunjwa ndani, kama mtu anayengoja pikipiki. Mara nyingi Feza amemwambia aweke nguo kwenye sanduku letu. Hujibu ndiyo, mama. Haweki.

Jioni nimepata mpango. Mkubwa!

Jumanne, 19 Agosti
Shule ya sekondari inajenga darasa jipya. Nimekwenda kwa Prefe Grégoire, mkuu wa shule, nikamwomba apokee matofali badala ya pesa. Amekubali! Matofali mabichi mia tano, makavu, yafike kabla ya Jumamosi ya tarehe 30. Kuyachoma ni kazi ya shule. Nyuma ya nyumba nina kichuguu kikubwa, udongo wa bure. Nina maji. Nina akili.

Jirani yetu Hemedi, mwoka mikate, naye amefyatua matofali, anataka kumjengea mkewe jiko. Ameyapanga kama wanajeshi. Aliponiona na jembe akauliza kwa sauti, majirani wote wasikie, kama nachimba kaburi la biashara yangu ya sabuni iliyokufa. Nilimjibu. Jibu lenyewe haliandikiki.

Alhamisi, 21 Agosti
Mgongo! Mikono! Siku mbili za kazi, na matofali yangu hayafiki hata kwenye kivuli cha paa. Malaika anakanyaga udongo kwa miguu huku akiimba wimbo wa kwao, kwa Kibangubangu. Nimemuuliza maana yake. Amesema ni mama anaita kuku wake warudi nyumbani. Kisha hakuimba tena. Mimi nami nikapiga udongo kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika.

Ndipo wazo likaja. Prefe atahesabu. Hakusema atapima! Nimechukua msumeno nikapunguza kalibu, kile kisanduku cha mbao cha kufyatulia: vidole viwili upande huu, viwili upande ule. Udongo uleule, matofali mengi zaidi. Inawezekanaje katika mji wetu wote wa Kasongo hakuna aliyewahi kufikiri hivi?

Malaika ameitazama kalibu, akanitazama mimi, akacheka mpaka akakaa kwenye tope. Sijawahi kumsikia akicheka hivyo. Nimepokea kama pongezi.

Jumapili, 24 Agosti
Mvua! Mwezi wa nane, kiangazi! Nimekimbia na mikeka, na mlango wa choo, na kikwembe, kitenge kipya cha Feza (hilo tutazungumza baadaye, amesema). Hemedi naye akaja mbio na turubai lake, akalitandaza juu ya matofali yangu. Yake yakalowa upande mmoja, ilibidi ayafyatue upya. Mtu gani hajui hata matofali yake yako upande gani wa ua?

Jumatano, 27 Agosti
Nimefikisha yote shuleni, kwa toroli. Prefe amehesabu. Mia tano kamili! Nilikuwa nimeshaanza kumshika mkono.

Halafu fundi wa ujenzi akachukua moja, akaliweka kwenye ukuta karibu na la mtu mwingine. Akainama. Akafunga jicho moja. Akaniuliza: “Papa Iliasi, hii ni tofali ao ni sabuni?”

Wafanyakazi wote wakashika mbavu. Nimewaeleza kuwa udongo hujikunja ukikauka. Fundi akauliza kama umejikunja pembe nne kwa adabu namna hiyo. Prefe hakucheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Amesema taratibu kwamba ukuta ni ukuta. Nilete matofali ya kipimo kabla ya Jumamosi, la sivyo nafasi itakwenda kwa mwingine.

Nimeyarudisha nyumbani kwa toroli, safari nyingi. Malaika alisukuma nyuma.

Alhamisi, 28 Agosti
Malaika ameteremsha begi, akatoa nguo zote, akazikunja upya, akazirudisha. Nimeona. Nimetoka nje kuangalia kichuguu. Kimekwisha. Nimebaki nakiangalia.

Feza amekwenda kwa Hemedi kununua mkate. Amekawia sana. Amerudi bila mkate. Ameusahau, anasema! Nimemwambia huu si wakati wa kupiga soga na adui.

Ijumaa, 29 Agosti
Siamini kalamu yangu. Baada ya swala Hemedi amekuja mwenyewe. Anasema anataka kujenga tanuru ya mikate midogo, na tanuru ya namna hiyo inahitaji matofali madogo. Anayatafuta mji mzima, hayapatikani. Eti nina ya kumpa?

Moyo umeruka, uso nikaukaza. Nimemwambia ni kazi ya pekee, siwezi kuyatoa hivihivi. Moja kwa moja, langu kwa lake, na usafiri mpaka shuleni juu yake. Ameguna. Amekuna kichwa. Akasema: “Weye Iliasi, uko mutu mubaya kwa biashara.” Akakubali!

Feza alikuwa amejifunika uso kwa kanga. Aibu kwa ajili ya Hemedi, bila shaka.

Jumamosi, 30 Agosti
Fundi ameweka tofali ukutani, akafunga jicho, akachukua jingine. Prefe ameandika: Malaika, mwaka wa kwanza. Mama Sidonie amenishika mkono kwa mikono miwili. Nimemwambia, si nilisema?

Jumatatu, 1 Septemba
Malaika amekwenda shule. Shati jeupe, Feza amelipiga pasi mara mbili.

Hemedi bado hajaanza tanuru yake. Matofali yangu yamelala nyuma ya nyumba yake, bata wanapanda juu. Na mkewe bado anapika nje, moshi machoni. Watu wengine hawajui kupanga mambo.

Mchana nimeona msumari wa mlangoni ni mtupu. Nimeshtuka, nikamwita Feza. Amenionyesha sanduku letu. Nguo za Malaika zimo, katikati ya za kwangu na za kwake. Begi amekwenda nalo shule. Lina madaftari.

Nimekaa kidogo kitandani. Vumbi machoni.

Lakini sanduku halifungi sasa. Linatakiwa jingine, na mbao ni ghali. Nimepima. Nikipunguza vidole viwili upande huu, viwili upande ule, mbao zitatosha masanduku mawili, na moja nitamuuzia Hemedi.

Msumeno uko wapi? Feza anasema hajui. Amekalia kitu chini ya kanga yake, hataki kuinuka.