Betri ya Mawe ya Tabaka

Kenyenya, Jumatatu, 4 Machi 1974

Barua imefika kutoka Kericho. Karakana ya shamba la chai inanitaka tena. Nirudi kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo nafasi itapewa mtu mwingine. Nimeisoma mara mbili, nikaificha chini ya redio. Bathsheba akaiona pale pale. Mke wangu huona vilivyofichwa kabla ya kuona vilivyo wazi.

Sitaki kurudi Kericho. Nilikaa huko miaka minane. Niliporudi Desemba, binti yetu Kemuma, mwenye miaka minne, alimwuliza mama yake yule mgeni ataondoka lini. Iliniuma na bado inaniuma. Hapa sokoni ninachaji betri za watu kwa jenereta yangu ndogo. Kazi yenyewe haitoshi hata kununua sabuni.

Lakini leo mlango umefunguka! Petroli imepanda tena. Mzee Nyamweya, mwenyekiti wa wakulima wa chai, anatafuta gari la kupandisha majani mabichi kutoka mtoni hadi kituo cha kununulia, gari lisilokula petroli. Majaribio ni tarehe 18. Mshindi atapata kazi ya mwaka mzima.

Gari ninalo. Lilikuwa la marehemu mwalimu mkuu. Halina injini na kuku hulala ndani yake. Gari lisilo na injini haliwezi kula petroli. Hapo nimeshawatangulia wengine.

Jumatano, 6 Machi

Sukari imekuja imefungwa kwa gazeti. Nimeisoma kabla ya kuinywa. Huko Marekani, Ulaya na Japani watengenezaji wa magari wanakimbizana kuunda gari la umeme, kwa sababu ya shida ya mafuta. Mwandishi anasema mota si tatizo, betri ndiyo kila kitu. Atakayewashinda wenzake, anasema, ni yule atakayepata betri iliyo... Hapo gazeti limechanika. Iliyo nini? Nimerudi dukani. Mwenye duka akasema kipande cha pili alimfungia mtu chumvi, hakumbuki nani.

Haidhuru. Nimemalizia mwenyewe. Iliyo imara.

Betri kuukuu ninazo nyingi. Vibao vya ndani, vya madini ya risasi, ni vizima, makasha ndiyo yamepasuka. Nahitaji kasha lisilopasuka wala kuliwa na asidi. Nikamtazama kiboko aliye mezani, wa jiwe laini lichongwalo kijiji cha Tabaka, zawadi ya harusi yetu. Nikamdondoshea asidi. Hakudhurika hata kidogo! Kitambaa cha meza kimetoboka mara tatu. Bathsheba amesema hajawahi kuona mtu akifurahia tundu namna hii.

Ijumaa, 8 Machi

Nimefika Tabaka. Mchongaji anaitwa Obwocha, mtu mpole, mweupe kwa vumbi la mawe hadi kwenye nyusi. Nimemwagiza masanduku kumi na mawili ya mawe, kila moja ukubwa wa beseni. Sita ya betri, sita ya akiba. Aliuliza kama ni ya kunyweshea kuku. Nikamwambia ni ya gari. Akasema yeye huwachongea wazungu viboko na hajawahi kuwauliza wanavipeleka wapi.

Nimemwachia baiskeli yangu iwe malipo. Nimerudi kwa miguu. Nimeingia nyumbani jua likizama na Sabato ikianza, kwa hiyo Bathsheba hakuweza kunigombeza. Ameahirisha.

Jumapili, 10 Machi

Mogaka! Fundi wa ng'ambo ya barabara, Mkatoliki, mtu wa kucheka bila sababu. Naye anaunda gari la umeme. Ametoka Kisii mjini na betri mbili mpya za gari dogo, za kubebwa kwa mkono mmoja. Nilimwambia wazo hilo ni langu. Akasema na yeye husoma gazeti.

Nimeziangalia betri zake kwa huruma. Vitu vyepesi namna ile vitampeleka wapi?

Jumanne, 12 Machi

Masanduku yamefika kwa lori la mawe. Kila moja limeshushwa na wanaume wawili. Kwenye sita nimepanga vibao, nimetia asidi na maji ya mvua, nimeziba kwa lami. Mota ni ya kuwashia lori. Nilipopakia sita ya betri na sita ya akiba, gari lilikaa chini kwa nyuma kama ng'ombe anayetaka kulala. Ishara ya uimara.

Tatizo ni moja. Jenereta haina petroli, na mjini wanauza kwa kipimo. Jioni Mogaka akaja taratibu. Yeye ana debe la petroli lakini hana mashine ya kuchaji. Tukaafikiana. Yeye alete petroli, mimi nichaji betri za wote wawili. Tulipeana mikono kama waungwana.

Bathsheba aliuliza petroli ni ya nini, kama gari halitumii petroli. Nikamweleza kwamba petroli ni ya jenereta, si ya gari. Akauliza debe lile lingepandisha majani mlimani mara ngapi, kama lingetiwa tu kwenye gari la kawaida. Nikamwambia hayo ni mambo ya kiufundi.

Alhamisi, 14 Machi

Nimemzidi ujanja Mogaka. Akiwepo, betri zake zinachajiwa. Akiondoka, nachomoa waya mmoja na kuuacha umelala juu ya betri, uonekane umeunganishwa. Sijivunii. Lakini yeye anakula na watoto wake kila siku, hajui Kericho ni nini.

Jenereta inakohoa. Petroli ya Mogaka ina harufu ya taa ya jikoni. Nadhani ni vumbi.

Jumamosi, 16 Machi

Sabato. Nilikuwa nimefikiri vizuri. Sheria inanikataza mimi kufanya kazi, jenereta haikutajwa. Nikaiwasha jana kabla ya jua kuzama, nikaijaza, nikaenda zangu. Ikifanya kazi usiku kucha, hiyo ni juu yake.

Nilisahau kwamba kanisa liko mita hamsini kutoka kibandani kwangu, na kwamba jenereta inayokohoa hulala ikaamka. Asubuhi ilikuwa kimya. Kumbe Kemuma alitoroka ibadani, akavuta kamba ya kuiwashia alivyoniona nikifanya, ikaitikia. Mchungaji alikuwa ameingia kwenye maombi. Akaomba kwa sauti zaidi. Jenereta nayo ikaongeza. Bathsheba akainuka, akatoka, pakatulia. Alirudi na mtoto mkononi, akafungua kitabu cha nyimbo bila kunitazama.

Nyumbani nilimweleza kwa upole kwamba aliyefanya kazi siku ya Sabato ni yeye, aliyezima. Nimekula viazi vya jana peke yangu.

Jumatatu, 18 Machi

Majaribio. Nitaandika yote.

Kuteremka hadi mtoni gari langu lilikwenda vizuri mno. Watu walipiga makofi. Kemuma alikuwa mabegani mwa mama yake, nikamwona akinionyesha kwa kidole. Sikumbuki siku nyingine niliyojisikia hivyo.

Mtoni wakatupakilia kila mmoja magunia mawili ya majani. Tukaanza kupanda. Kona ya kwanza, vizuri. Kona ya pili, pole pole. Mogaka akanipita akicheka. Kona ya tatu gari langu likasimama, mota ikatoa moshi mwembamba. Hatua kumi mbele, gari la Mogaka nalo likasimama.

Tukashuka. Akasema betri zake hazikuchajiwa. Nikasema petroli yake ilichanganywa na mafuta ya taa, maana harufu ilinirudia hapo hapo. Tukatazamana. Hakuna aliyeweza kuendelea na mashtaka.

Nikashusha masanduku sita ya akiba kando ya barabara kupunguza uzito. Wapi! Halikusogea. Wakaja wanawake wachumaji na vikapu vyao vimejaa. Wangetusukuma mara moja, lakini aliyetangulia alikuwa mama Persis, mama mkwe wangu, na kwetu mama mkwe hamsogelei mkwewe, sembuse kumsukuma. Alinipa kisogo kwa heshima, akapita ukingoni, na wote wakamfuata. Majani yao yakafika kituoni yangali mabichi. Yetu yalianza kuchemka kwenye magunia.

Mzee Nyamweya hakucheka. Alisema kazi watapewa wanawake, walipwe kwa kikapu. Kisha akaniuliza kama Kericho wanalipa vizuri siku hizi.

Jumatano, 20 Machi

Nimefunga sanduku la nguo. Kemuma amekaa juu yake, amekataa kushuka.

Nilikwenda kuchukua masanduku ya akiba barabarani. Hayapo! Nikamshuku Mogaka. Kumbe mama Persis amemtuma mtu kwa Bathsheba kuuliza bei. Amechukua moja, anawanyweshea kuku, na ng'ombe amelipiga teke bila kulipindua. Matano mengine yamechukuliwa na wachumaji wenzake. Bathsheba alihakikisha hayakuwahi kutiwa asidi, ndipo akakubali. Sasa ana orodha ya wanawake kumi na wanane wanaotaka ya kwao. Obwocha mwenyewe amerudisha baiskeli yangu, akitabasamu, akasema tugawane faida ya masanduku.

Nilimwambia Bathsheba ile ni mitambo ya kisayansi. Akasema kuku hawajali. Kisha akanionyesha barua aliyowaandikia Kericho kwa niaba yangu. Inasema siji, nina kazi nyumbani. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya nyumba kwa muda, kwa sababu macho yalikuwa yananisumbua.

Ijumaa, 22 Machi

Mogaka amekuja na kipande cha gazeti chenye chumvi. Aliyefungiwa chumvi ni yeye. Tumeviunganisha vipande viwili juu ya meza, kwenye kile kitambaa chenye matundu. Sasa inasomeka: betri iliyo nyepesi. Yeye alipata mwisho wa habari tu, wenye neno hilo, akanunua betri mbili nyepesi bila kujua kwa nini.

Nyepesi! Kisha nikaona. Kosa halikuwa jiwe. Kosa ni unene wa jiwe. Obwocha akichonga kuta nyembamba kama kikombe cha chai, uzito utapungua nusu, na tukitumia masanduku ishirini na manne, nguvu zitakuwa mara nne. Mogaka ataleta petroli. Ameapa safari hii ni safi. Nami nimeapa kuunganisha waya zote.

Nimechora mpango wote nyuma ya orodha ya Bathsheba. Wale wanawake kumi na wanane watasubiri kidogo, mawe ya wiki hii yana kazi nyingine.

Kemuma amekuja mlangoni. Ameuliza kama Tata, ndivyo anavyoniita sasa mimi baba yake, hatakula leo. Nimemwambia dakika moja.