Chupa Zangu za Kijani Zirudishwe Kabla ya Jumamosi

Opanyin Kwaku Amponfi,
Nyumba yenye friji barazani,
Nyuma ya kanisa la Methodisti,
Mfensiase.
Jumanne.

Mkurugenzi wa Usafi,
Halmashauri ya Mji.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAH: KUCHUKULIWA KWA CHUPA ZANGU PAMOJA NA HESHIMA YANGU

Ninakusalimu kwa mkono wa kulia, na kwa kuwa mimi ni mkubwa kwako kwa umri, ninaipokea salamu yako hata kabla hujaitoa.

Kabla ya kushika kalamu nimesimama mlangoni kwangu na kumwaga tambiko juu ya majani mara tatu: kwanza kwa Mungu aliye juu, kisha kwa Asaase Yaa, yaani ardhi mwenyewe, na mwisho kwa wazee waliotutangulia. Nimewaomba waonyeshe hadharani, kati yangu na ofisi yako, nani anasema kweli. Baki la glasi sikulinywa kama mila inavyotaka. Sababu yake utaisoma katika lalamiko la tatu, na ninakuomba ufike huko ukiwa na hasira kama yangu.

Mimi ni Opanyin, yaani mzee, na ndiye msemaji wa ukoo wetu. Hakuna posa, mazishi wala mtoto mchanga aliyepata jina katika ukoo huu bila ulimi wangu na chupa yangu ya shinapsi, ile pombe kali ya chupa ya kijani yenye pembe nne. Ijumaa iliyopita lori lako liliingia mtaani na kipaza sauti kikilia: "Leteni betri, leteni dawa za shamba, leteni taa zilizoungua, leteni vyote vinavyowaua polepole." Nilikuwa nakula. Mtu hatangaziwi kifo akiwa na donge la fufu mkononi.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Mke wangu, Maame Konama, alihudhuria semina yenu ya taka hatarishi pale kanisani. Alitoka nyumbani mke wangu, akarudi afisa. Siku hiyo hiyo alipangusa rafu yangu ya chupa, akabandika vikaratasi kwenye baadhi ya chupa, na kwenye vikaratasi akaandika SUMU kwa wino mwekundu.

Nieleze ilivyokuwa rafu hiyo. Chupa ya shinapsi ikiisha, haitupwi. Chupa ile imesikia majina ya marehemu, imeona wakwe wakipatana, sasa uitupe kama ganda la ndizi? Mimi huipa kazi nyingine. Moja ina mafuta ya taa, moja ina thina ya kuchanganyia rangi, moja tindikali ya betri, nyingine dawa ya kuua magugu ya shamba la kakao. Zilizo na kinywaji chenyewe hukaa kulia, kwa sababu kulia ni upande wa heshima. Zilizobaki hukaa kushoto. Utaratibu huu uko kichwani mwangu na haujawahi kumdhuru mtu. Yule mbuzi wa jirani aliyekufa alikuwa na mambo yake mengine.

Maame Konama akahamisha kila kitu. Sumu akaipandisha juu, kinywaji akakishusha chini, akasema, "Opanyin, wewe unajua. Je, mgeni atajua? Mkamwana wako atajua?" Nikamwambia mgeni hana haja ya kujua, ana haja ya kukaribishwa. Kisha fikiria, Mheshimiwa, wakwe wameketi barazani, wameinua macho, wamesoma SUMU juu ya chupa za mzee wa ukoo. Watasemaje wakifika kwao? Nilivibandua vikaratasi vyote kwa mkono wangu na kurudisha chupa kulia na kushoto kama nilivyozikumbuka. Mke wangu aliviokota kimoja kimoja na kuvifunga kwenye fundo la khanga yake. Fundo lile sikulipenda.

2. Betri zangu. Betri ya tochi ikichoka mimi huianika juu ya bati mpaka adhuhuri, kisha naiuma kidogo ubavuni, nayo hurudi kazini kwa usiku mzima. Baba yangu alifanya hivyo. Afisa wako, Bi. Dzifa Agbenyo, binti mwenye glavu zinazofika viwikoni, alizichukua juu ya bati moja moja na kuzitia kwenye ndoo ya plastiki. Akaokota mojawapo, akaigeuza, akaniita Nana, kama wazee wanavyoitwa kwetu, akauliza, "Nana, haya ni meno?" Nikamjibu kwamba ni yangu. Akasema, "Basi meno yako ni jasiri kuliko sisi wote." Watu wa lori wakacheka. Ninaomba ieleweke kwamba nilichekwa nikiwa ndani ya uzio wangu.

3. Hili ni fupi. Muuguzi wa zahanati, akishirikiana na mke wangu, amenikataza pombe kwa sababu ya presha. Ndiyo maana sikunywa baki la glasi leo asubuhi. Maame Konama alisimama nyuma yangu mikono kiunoni na kusema, "Wamwagie wazee, wao hawana presha tena." Msemaji wa ukoo anatambika kwa kinywa kikavu, na nyinyi serikali mnaona sawa.

4. Friji. Marehemu kaka yangu alilituma kutoka Hamburg, likapanda barazani likibebwa na vijana kama chifu kwenye machela. Ni kweli halijawahi kugandisha kitu. Umeme ulipokuja halikuamka, na ulipokatika halikujali. Lakini nguo zangu za msiba, nyeusi na nyekundu, zinakaa humo, na mende hajawahi kupita. Bi. Dzifa alipiga magoti nyuma yake, akasema kwamba ndani ya mabomba yake kuna gesi inayodhuru anga. Nilimuuliza, kama gesi hiyo imekaa humo kwa utulivu miaka yote hii, nani anayeichokoza? Mke wangu akasema, "Mchukueni tu huyo mjane wa Hamburg, tupate mahali pa kuweka kiti." Niliegemea mlango wa friji kwa mgongo mpaka wakakata tamaa. Kaka yangu alizikwa huko huko ughaibuni, Mheshimiwa, na sikuwa na nauli ya kwenda kumzika. Hilo friji ndilo nililobaki nalo. Jambo hili sitalirudia.

5. Sasa chupa. Bi. Dzifa alisimama mbele ya rafu na kuuliza ipi ni ya kunywa na ipi si ya kunywa. Nikamwambia mimi najua. Akasema, "Vizuri, Nana. Basi onja moja." Nikamkumbusha lalamiko la tatu. Akasema, "Basi nusa." Nikavuta pumzi juu ya mdomo wa chupa kwa adabu zote. Pua yangu ugoro umeichosha kidogo, sikatai, lakini haijapoteza njia. Nikamwambia, "Hii ni shinapsi." Akainusa yeye, akarudi nyuma huku machozi yakimtoka, akasema, "Nana, hii ni thina." Kosa moja tu, na kwa kosa hilo rafu nzima ikabebwa, zilizojaa na zilizo tupu, kulia na kushoto pamoja, kana kwamba heshima na magugu ni kitu kimoja.

Kisha nikauliza chupa zangu zinapelekwa wapi. Akaeleza kwa furaha. Zilizowahi kuwekwa sumu zitafungiwa na kuhifadhiwa mahali maalumu zisimdhuru mtu. Zile zilizo safi zitakwenda kwa Wakrobo, kabila la mafundi wa shanga, zitapondwa, zitayeyushwa kwenye tanuri, na kuwa shanga. Shanga, Mheshimiwa. Chupa iliyotuliza ugomvi wa mashamba kati ya koo mbili itazunguka kiuno cha mwanamke nisiyemjua, itacheza naye ngoma harusini, na siku moja itapita mbele yangu sokoni nami sitakuwa na ruhusa hata ya kuitazama. Hicho ndicho mnachokiita kurejeleza. Kwetu kuna jina jingine, lakini barua hii ni ya adabu.

6. Nafika kwenye kidonda chenyewe. Jumamosi alfajiri, siku moja baada ya lori lenu, mkamwana wangu alijifungua salama mtoto wa kike. Ni Ama, kwa kuwa ni wa Jumamosi, lakini jina lake kamili linasubiri Jumamosi hii, atakapotolewa nje kuonyeshwa jua. Mwanangu Yaw Oppong na mkewe walingoja mtoto huyu mpaka watu wakaacha kuwauliza. Nilipomshika, alinishika kidole hiki ninachoandikia, na nikalia, na sioni haya kuiambia serikali kwamba nililia.

Kidole hicho hicho ndicho kitakachochovya maji na kuyagusisha ulimini mwake, nikimwambia ukisema maji, yawe maji. Kisha kitachovya shinapsi na kuigusisha ulimini mwake, nikimwambia ukisema pombe, iwe pombe. Ndivyo mtu wetu anavyofundishwa ukweli kabla ya kufundishwa kutambaa. Je, nimfundishe kwa soda ya machungwa? Mwanangu amependekeza hivyo. Nimemwambia basi atalea mtoto mwongo mwenye meno mabovu.

Bahati nzuri mimi ni mwepesi. Kipaza sauti kilipolia nilifika rafuni kabla ya maafisa wako, nikachukua chupa moja iliyojaa kutoka upande wa kulia, nikaificha ndani ya friji kati ya nguo za msiba. Ndiyo hiyo niliyotambikia leo, na ndiyo itakayompa mjukuu wangu jina. Ofisi yako haikuipata, na haitaipata.

Kwa hiyo ninadai yafuatayo: chupa zangu zote zirudishwe kabla ya Jumamosi, zikiwa zimebebwa kichwani na Bi. Dzifa mwenyewe, kwa miguu. Halmashauri ilete kondoo wa kuwatuliza wazee. Wake za watu wasipokelewe kwenye semina bila waume zao kuwapo pale kuwasahihisha. Na kwa kuwa imedhihirika kuwa hamna mtu wa kutambua sumu bila vikaratasi, niteuliwe mimi kuwa mkaguzi wa chupa wa mji mzima, kwa pua.

Naikunja karatasi hii nikiwa bado nakuheshimu, ingawa si kama wiki iliyopita. Msalimie dereva wa lori, aliyewapita kuku wangu kwa uangalifu. Msalimie mwenye kipaza sauti na umwambie awe anakula saa ile. Wasalimie mama watoto na watoto. Bi. Dzifa pia msalimie, lakini baada ya wengine.

Ni mimi, mzee wako aliyeonewa,

Opanyin Kwaku Amponfi,
Msemaji wa Ukoo.

Nyongeza, Alhamisi asubuhi.

Barua hii ilikuwa ikimsubiri Kwadwo Nsiah, fundi cherehani, ambaye huja mjini kwenu kila Alhamisi kununua nyuzi. Leo nimetoka nje ili nimpe bahasha, nikasimama mlangoni. Majani yamekufa. Si yote. Ni madoa matatu, yamegeuka rangi ya mkate uliokauka, moja pale nilipomwitia Mungu, moja pale nilipomwita Asaase Yaa, na moja pale nilipowaita wazee. Kuzunguka madoa hayo kila kitu ni kibichi. Leo ni siku yake Asaase Yaa, siku ambayo hatumgusi kwa jembe, na amenijibu siku yake.

Niliwaomba waonyeshe hadharani nani anasema kweli. Wameonyesha.

Maame Konama alikuja akasimama karibu nami. Alitazama madoa, akanitazama kidole. Aliingia ndani, akafungua friji, akatoa ile chupa akiwa ameishika kwa kitambaa, kisha kutoka kwenye fundo la khanga yake akatoa kimoja cha vile vikaratasi nilivyovibandua, kimekunjamana, wino bado mwekundu. Akaniuliza taratibu, "Nikuletee gundi, mume wangu?" Nimekibandika mimi mwenyewe. Kimekaa upande, lakini kinasomeka.

Mheshimiwa, naomba mnisamehe yote niliyoandika hapo juu isipokuwa habari za kaka yangu. Kwadwo ataileta barua hii mbio. Nakuomba lori lije leo, au kesho, lakini isifike Jumamosi mtoto akiwa nje na chupa hii ingali kwangu. Tumeifungia ndani ya ndoo na nimekaa juu ya kifuniko. Friji nalo wachukue, nimekwisha kutoa nguo. Mwambie Bi. Dzifa aje na glavu zake zile ndefu, na mke wangu anamwandalia chakula.

Jumamosi mwanangu atanunua shinapsi mpya, nayo itafunguliwa mbele ya watu wote, na Maame Konama ndiye atakayeinusa kwanza.

Na zile chupa zangu zilizo safi, kama tanuri la Wakrobo halijazipokea bado, wakiziyeyusha naomba mniwekee shanga chache za kijani. Kiuno chenyewe ni kidogo sana, hazitahitajika nyingi.