Kisu cha Kukunja Nilichonyimwa Dukani kwa Mwinshehe

Kwa Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa, Feliksi mwana wa marehemu Clementina,

Huna haya. Nilikubeba mgongoni mama yako akiwa sokoni, ukanichafulia kitenge kipya, nikakifua nikakubeba tena. Leo una muhuri, umekwenda kumwambia Mwinshehe wa duka asiniuzie kisu mimi, Honorata, mpasua samaki wa soko la Katonga tangu hujaota meno! Najua aliyekutuma ni mwanangu Martini, anayesema macho yangu yamechoka. Macho yangu hayana neno. Naandika kwa heshima zote, na malalamiko yangu ni haya:

1. Kisu changu cha zamani kilitumbukia ziwani. Si kosa la macho, mtumbwi ndio uliotikisika. Tangu hapo mtu akinunua mgebuka kwangu, nampeleka meza ya jirani, Brigita ampasulie. Brigita anapasua huku anamwambia, "Dada, kesho njoo huku moja kwa moja, usizunguke." Wiki ya pili hii. Wateja wamebaki watatu, na mmoja ni shemeji yangu, hana pa kwenda.

2. Sikwenda kununua kwa pupa. Nilichagua asubuhi nzima. Kuna kisu chenye tochi: samaki anapasuliwa mchana, tochi ya nini? Kuna chenye kizibuo cha chupa: mimi si mlevi. Kingine ukibonyeza kinaruka kama panzi, Mwinshehe mwenyewe alirudi nyuma. Kingine hakifunguki mpaka mikono miwili, sasa samaki nimshike kwa meno? Nikapata kimoja cha mpini wa mti, bawaba ngumu, makali mapana. Bawaba nikainusa. Bawaba mbaya hutunza damu ya samaki, na kisu kikinuka mteja hasemi, anahama tu.

3. Kisu cha kukunja kina adabu. Kazi ikiisha kinalala, nakifunga kwenye pindo la kitenge, natembea. Anayeogopa nisijikate ndiye angeninunulia.

4. Sasa sikiliza uovu wenyewe. Sisi kisu hatupeani mkononi. Unakiweka chini mwenzako aokote, msije mkagombana. Mwinshehe alinipa mkononi! Nikamkemea. Akajibu, "Bibi, kimekunjwa hiki, bado hakijawa kisu." Haya, nikakubali, nikatoa pesa. Hapo akakinyakua: "Samahani bibi, mwenyekiti amekataza nisikuuzie kisu." Kisu kipi, Feliksi? Kama hakijawa kisu, umekataza nini? Na kama ni kisu, basi Mwinshehe ameleta ugomvi kwa mkono wake, na kazi ya mwenyekiti ni kumaliza ugomvi, si kuuchochea.

5. Kwa kuwa unaogopa makali mikononi mwa wazee, zunguka mtaa mzima ukusanye visu, mashoka na majembe yao. Anza na panga la baba yako, Mzee Isaka. Ana miaka themanini na mbili, na juzi alikata mgomba wa jirani akidhani ni wake. Ukishindwa kwake, kwangu huna mamlaka.

6. Leo mnaninyima kisu. Kesho mtasema meza ni nzito, keshokutwa njia ya Katonga ni mbali, mwisho nikae uani nilinde kuku. Kuku ninao wawili. Hawajaomba mlinzi.

Wasalimie wote hapo kwako, mkeo Scola na watoto, na Mzee Isaka mpe shikamoo yangu. Martini naye msalimie, maana tunalala nyumba moja lakini simsemeshi.

Ni mimi niliyekulea, na sikujuta mpaka juzi,
Bibi Honorata

Nyongeza: Maneno ni yangu, mwandishi ni mjukuu wangu Diana, maana mistari ya daftari siku hizi inaingiliana. Nimetia dole gumba la kushoto. La kulia limefungwa kitambaa. Jumamosi niliazima kisu cha Brigita, nikapasua nikidhani ni mkia wa mgebuka. Martini nimemtuma Diana amwambie ni mwiba wa samaki. Kwa hiyo kata kipande hiki cha chini, kitie motoni, kisha andika ruhusa, gonga muhuri, uipeleke kwa Mwinshehe leo hii kabla hajafunga duka.