Mtoto wa Kilo Tano

Jumatatu, 4 Machi 1996
Mimi na mke wangu Mong'ina tumetoka kliniki Nyamira. Mimba ya miezi saba. Nesi kasema ana kisukari cha ujauzito. Asipojitunza, mtoto atakuwa mkubwa kupita kiasi, anaweza kukwama akizaliwa. Mong'ina alisikia yote. Mimi nilisikia "mkubwa" tu. Jirani Machogu hatupumzishi kwa kujisifia mwanawe aliyezaliwa na kilo nne. Wangu atakuwa wa tano!

Jumatano, 6 Machi
Mong'ina hatii sukari kwenye chai tena. Ugali kidogo, mboga za chinsaga tele. Jioni anapanda mlima mpaka kanisani na kurudi, miguu imevimba, halalamiki. Nimetia asali kwenye uji wake wa wimbi. Kaonja, kanisukumia kikombe. Nimekunywa mimi. Mtamu mno.

Jumapili, 10 Machi
Nimemwita mama yangu, Nyanchera, aje na ndizi mbivu. Nani atamkatalia mama mkwe? Mong'ina alimpokea kwa mikono miwili, akamkalisha, kisha akasema taratibu: "Mama, tunakula wawili hapa. Mmoja hana njia ya kukataa."
Mama alifunga ndizi zake. Sasa naye anakunywa chai ya mkandaa, bila maziwa wala sukari, na ananitazama vibaya.

Jumamosi, 18 Mei
Msichana! Kilo tatu na robo. Walimchoma kisigino kupima sukari yake, maana watoto wa mama wenye kisukari huweza kuishiwa nayo ghafla. Iko sawa. Nilitoka nje nikalia nyuma ya tangi la maji la hospitali. Miezi miwili na zaidi Mong'ina amepigana na ugonjwa, na mumewe akimtegea kila kona. Sijaona jasiri kama huyu. Tumemwita mtoto Purity. Machogu hata sijamkumbuka.

Jumanne, 21 Mei
Tumeruhusiwa. Nesi kasema vita havijaisha: Mong'ina apimwe baada ya wiki sita, halafu kila mwaka, kwani sukari inaweza kurudi ikae moja kwa moja. Purity naye asinoneshwe ovyo akikua. Niliitikia kwa kichwa kuliko wote.
Mke kama huyu anastahili heshima. Nimepitia bekari ya Vasant, Kisii, nikaagiza kreti mbili za soda na keki kubwa kabisa. Juu yake aandike kwa sukari ya rangi ya waridi: "Hongera Mama Purity kwa kuacha sukari." Vasant aliniuliza mara mbili kama nina hakika.
Nina hakika. Atafurahi sana.