Makaburi ya Mstari Mwekundu

Siku watu wa reli walipobandika ramani kwenye ukuta wa ukumbi wa Ezimpisini, nje kidogo ya Ladysmith, kila mtu alikimbilia kutazama mistari. Ilikuwa mitatu: mwekundu, wa buluu na wa kijani, na mmojawapo ndio ungekuwa njia ya treni ya mwendokasi kutoka Johannesburg hadi Durban. Watu walisukumana wakitafuta mapaa ya nyumba zao, wakabishana kama doa fulani lilikuwa kanisa au zizi la mbuzi. Velaphi Zikalala peke yake hakuitazama mistari. Yeye alisoma maandishi madogo chini ya ramani, maana maisha yalikuwa yamemfundisha kwamba maandishi makubwa ni ya wananchi, na madogo ni ya wenye kula.

Maandishi yalisema: "Reli itaepuka makaburi kadiri iwezekanavyo, kaburi lisiloepukika litahamishwa na ndugu wa marehemu, na familia italipwa randi elfu thelathini."

Zikalala alisoma mara mbili, mate yakamjaa mdomoni.

Alikuwa ametoka Durban siku tatu kabla, baada ya kuliuza friji moja kwa watu wanne na kuona ni adabu kutokuwepo siku ya kulichukua. Alikuwa na suti ya kijivu, begi la ngozi na ulimi. Suti ilikuwa imechakaa na begi lilikuwa tupu, lakini ulimi ule ungemuuzia samaki mwavuli.

Bi Pillay, afisa wa reli, alikuwa anajibu maswali. Akasimama mwanamke mpana aliyevaa aproni. Huyu alikuwa MaKhoza, mwenye baa ya nyama choma kando ya barabara, na mwenyekiti wa chama cha mazishi.

"Huo mstari mwekundu unapita juu ya jiko langu," alisema.

"Ukichaguliwa utalipwa, mama."

"Sitaki kulipwa. Nataka jiko langu."

Ukumbi mzima ukacheka. Zikalala naye alicheka, akamwandika moyoni kwenye orodha ya wajinga: mtu anayekataa pesa mbele ya mashahidi.

Kesho yake alivaa kizibao cha kung'aa na kofia ya manjano, akaanza kazi. Kazi yenyewe ilikuwa kuuza wahenga. Mteja mwenye kiwanja kwenye mstari mwekundu alielezwa kwamba zamani hapo palikuwa na shamba, na wafanyakazi wa shamba walizikwa hovyo, na makaburi yao ni yatima, hayana wa kuyadai. Kwa randi elfu tatu Zikalala angekutafutia yatima mmoja kwenye kiwanja chako, na kesho yake ungekuta rundo la mawe lenye heshima zake. Je, watu walimwamini? Walimwamini kama mtu anavyoamini mzani wa mwenye bucha: hupendi kuutazama sana, maana nyama unaitaka.

Wa kwanza alikuwa Mbhense, mwalimu mstaafu.

"Nataka shangazi," alinong'ona.

"Shangazi wa namna gani, mwalimu?"

"Asiye na watoto. Sitaki warithi waje kunisumbua."

"Ninaye. Mpole, hajawahi kumkosea mtu."

"Nikichukua wawili?"

"Ukichukua wawili nakupa na mjomba, kwa bei ya jumla."

Wiki mbili hazijaisha, Ezimpisini palikuwa na majonzi ambayo hayajawahi kuonekana. Wanaume waliokuwa hawakumbuki siku ya kuzaliwa ya mama zao walionekana wakiondoa majani kwenye mawe. Mbhense aligombana na jirani yake kwa kuwa miguu ya marehemu wa jirani ilivuka mpaka ikaingia kwa shangazi zake. Mzee mmoja alimzoea sana babu yake wa kununua hata akawa anampelekea ugoro kila asubuhi, na alikuwa akirudi macho mekundu.

MaKhoza naye alinunua. Alinunua saba, bila kuomba punguzo. Zaidi ya hapo akawa ndiye anayemletea Zikalala wateja, akiwashika mkono wanywaji baani mwake na kuwauliza hawaoni aibu kuwa watu wasio na wazee. Zikalala alifuta jina lake kwenye orodha ya wajinga, akaliandika kwenye ile ya wenye tamaa.

"Na huyu wa saba ni nani?" MaKhoza aliuliza siku moja, akionyesha rundo kubwa kuliko yote nyuma ya baa.

Hapo Zikalala akafanya kosa la mtu anayejipenda anapoongea. "Mama, huyo sijampa mtu mwingine. Ni Mzee Zikalala, mdogo wake babu yangu mzaa baba. Ukoo wote umekwisha, nimebaki mimi. Nimekupa damu yangu kwa kuwa nakuheshimu."

"Wewe peke yako duniani?"

"Mimi peke yangu, mama."

"Maskini," alisema MaKhoza, akamwongezea kipande cha maini.

Siku ya ishirini na moja Bi Pillay alikuja kuhesabu.

"Mwezi uliopita yalikuwa tisa," alisema. "Leo ni arobaini na sita."

"Watu walikuwa wanaona haya kuomboleza mbele ya wageni," Zikalala alimjibu.

Bi Pillay aliandika. Kisha akatangaza kwamba wangeanza na kaburi moja la majaribio kesho yake asubuhi, lihamishiwe kwenye makaburi mapya kilimani kwa kufuata mila zote, na yeye angepiga picha za video. Likienda sawa, mengine nayo yangeingia kwenye malipo. Mkono wa MaKhoza ulikuwa juu kabla hajamaliza.

Zikalala alikuwa amepanga kupanda basi la saa saba mchana kesho hiyohiyo. Begi lilikuwa limejaa pesa za wateja, zipu inafungwa kwa goti. MaKhoza alimvuta pembeni.

"Marehemu ni Zikalala. Anayebeba tawi ni mwanamume wa ukoo wake, na uliniambia umebaki mmoja. Nisaidie, mwanangu. Elfu thelathini tunagawana nusu kwa nusu."

Zikalala akapiga hesabu. Kutoka baani hadi kilimani ni mwendo wa saa moja. Basi angeliwahi. Tamaa mbele, mauti nyuma: akakubali.

Sasa, kule kwao hakuna asiyejua habari za tawi. Ni la mkunazi wa porini, lenye miiba miwili miwili, mmoja umenyooka na mwingine umepinda. Unakwenda nalo kaburini, unamwita marehemu, naye anapanda kwenye tawi, na kama mifupa imeshakuwa udongo, tawi hilo linatosha. Tangu hapo mpaka umlaze mahali papya husemi na mtu aliye hai. Husalimii wala huitikii. Unasema na marehemu tu, unamwambia hapa pana kona, hapa pana mto, asije akaachwa njiani. Anayemsemesha mbebaji, au kumgusa, amejitafutia laana ya vizazi. Zikalala aliyajua yote haya tangu utotoni, na aliona kunyamaza saa moja ni bei rahisi.

Asubuhi wateja wote walikuwepo, wamevaa nguo za ibada, wakiimba. Kila mmoja alikuwa na elfu zake thelathini zinazoning'inia kwenye tawi lile. Mbhense alisimama kushoto na fimbo, kuhakikisha hakuna mpumbavu atakayemsalimu mbebaji. Bi Pillay aliinua kamera. Zikalala akainama juu ya mawe, akamwita babu yake kwa sauti nzito hadi wengine wakalia, akainuka na tawi mikononi.

MaKhoza akamsogelea kwa unyenyekevu, akamvua begi begani bila kumgusa.

"Mbeba tawi habebi kitu kingine," aliwaambia watu, akaliweka begi kwenye kiti cha mbele cha pikapu yake, akaingia, akawasha gari.

Zikalala akafungua mdomo. Mbhense akanyanyua fimbo. Kamera ilikuwa usoni pake.

"Babu!" alisema Zikalala, jasho likimtoka. "Babu, tunaondoka nyumbani sasa. Na begi, babu, limepanda pikapu ya MaKhoza!"

"Ehee!" wakaitikia watu.

"Babu, mwambie MaKhoza alirudishe begi!"

Wanawake wakapiga vigelegele.

"Marehemu alikuwa na begi," Mbhense aliwaeleza walio nyuma. "Alifanya kazi migodini. Wote walirudi na mabegi."

Msafara ukaanza kwenda. Pikapu ilitambaa sambamba na mbebaji, kioo kikiwa wazi, na nyuma yao nyimbo zilikuwa kubwa kiasi kwamba maneno yaliyofuata hayakusikiwa na mtu mwingine.

"Mzee Zikalala," MaKhoza aliliambia tawi, maana na yeye alikuwa mtu wa mila, "mwambie mjukuu wako atazame mbele, miiba isimchome."

"Babu, mwambie huyu mama tulikubaliana nusu kwa nusu!"

"Mzee, mwambie hakuna nusu, kwa kuwa hakuna malipo. Kwenye ile ramani yeye alisoma mkia wa sentensi, mimi nikasoma kichwa. *Reli itaepuka makaburi.* Jiko langu liko kwenye mstari mwekundu, Mzee. Miaka ishirini na sita nimepika hapo. Nilihitaji makaburi mengi haraka, na mimi mjane sina nguvu ya kubeba mawe."

Zikalala aliharakisha kufuata dirisha la pikapu. Katika maisha yake alikuwa ameibiwa mara mbili tu, na mara zote mbili alikuwa na nafasi ya kujieleza.

"Babu," alisema, na safari hii hakuwa anaigiza, "mwambie nusu ya begi ni yake. Achukue nusu. Namsihi, babu, mimi sina kitu kingine duniani."

"Mzee, mwambie chama cha mazishi kina mahema yaliyotoboka na masufuria mawili. Pesa ya makaburi inarudi makaburini. Na mwambie ahsante kwa ujenzi."

Akakanyaga mafuta. Pikapu ikatimua vumbi, ikakunja kona ya kituo cha mafuta, ikapotea.

"Babu! Babu! Babu!" alilia Zikalala, na machozi yalikuwa ya kweli. Watu walisema hawajawahi kuona mjukuu mwenye mapenzi kiasi kile. Hata Bi Pillay alifuta miwani.

Walipofika kwenye makaburi mapya, shimo lilikuwa tayari, limechimbwa vizuri, refu na pana. Hapo simu ya Bi Pillay ikalia. Alisikiliza, akatabasamu, akawageukia watu.

"Nina habari njema. Makaburi arobaini na sita ni mengi mno, ofisi imeona si haki kuwasumbua marehemu. Mstari mwekundu umefutwa. Reli itapita kwenye kijani, kule malishoni kusikokaa mtu. Wazee wenu watabaki walipo. Hongereni sana."

Nyimbo zikakatika. Mbhense alikuwa anawaza shangazi wawili na mjomba mmoja, wote kwa bei ya jumla. Mmoja mmoja, shingo zikageuka kumtazama mbebaji. Bi Pillay akafunga kamera, akaingia kwenye gari lake, akaondoka.

"Mzee, mwambie mjukuu wako akulaze," alisema Mbhense kwa upole wa kutisha. Hakumsemesha Zikalala, aliliangalia tawi tu. "Akulaze upumzike. Mkimaliza, tuna mazungumzo naye."

Zikalala alilitazama shimo. Lingemtosha mtu mzima. Aliwatazama watu, akaona kwamba hakuna hata mmoja aliyethubutu kusogea karibu, maana mkononi mwake, mpaka atakapoinama, alikuwa na mzee wa watu. Akalikumbatia tawi kifuani, miiba na yote, na damu ikatoka kwenye suti ya kijivu.

"Babu," akasema, "hapa pana upepo. Nakuona hupapendi."

Akapita kando ya shimo, akatoka kwa lango la pili, akashika barabara ya Durban. Watu wakatazamana. Kisha wakamfuata, ishirini na kitu, taratibu na kwa adabu zote za msiba, kofia mikononi na mawe ndani ya kofia. Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi. Mpaka Durban ni kilomita mia mbili na zaidi.

"Babu," alisikika akisema walipofika mtoni, sauti imeshakauka, "sasa tunavuka daraja. Polepole, babu. Hatuna haraka."