Soksi Iliyonyamazisha Kinanda cha Wafu

Tegeni masikio, enyi mliokaa na mliosimama. Aliye jikoni apunguze moto, mwenye mtoto ambebe, na mwenye simu aizime au atoke nayo nje. Nataka kuwasimulia vita. Sivyo vile vita vya wafalme, ambavyo vimesimuliwa hata vimechoka vyenyewe; nawasimulia vita vya mlango wa stoo, na shujaa aliyeviendea akiwa na soksi mbili akarudi na moja, na kitabu kilichookolewa siku hiyo, kitabu cha kwanza cha dada yangu, kizito kama tofali na chenye maiti kila sura.

Ewe Kumbukumbu, mlinzi wa mambo ambayo watu wenye akili zao huyasahau, nishike mkono nisitie chumvi. Ikizidi sana, iwe ya kuonjea tu.

Dada yangu mkubwa mchana hupokea wagonjwa katika kliniki ya meno, ambako, kwa kauli yake mwenyewe, ndiko alikojifunza namna binadamu anavyoutazama mlango uliofungwa. Jioni akirudi huketi kwenye meza ya chakula, akasukuma sahani pembeni, akaua watu. Miaka mitatu aliwaua. Riwaya yake ilikuwa ya jumba la mawe lililosimama peke yake juu ya kilima, lenye ngazi nyingi za kushuka kuliko za kupanda, na mjane asiyelala, na chini kabisa, katika chumba kisicho na dirisha, kinanda kikubwa kilichopigwa na mikono isiyo na mwenyewe. Kila aliyekisikia alisikia wimbo aliobembelezewa utotoni, akaufuata, asirudi. Mimi niliisoma sura ya kwanza mchana kweupe, kisha nikaenda kuoga mlango ukiwa wazi.

Wahariri wawili walikwisha kuukataa mswada ule. Wa tatu, mwanamke mwenye miwani mbili, moja puani na moja kichwani, hakukataa wala hakukubali. Alipiga simu akasema, "Mimi kitabu cha kutisha sikisomi, nakisikiliza. Nitakuja Jumamosi alasiri, unisomee sura ya kinanda hapohapo ulipoiandikia. Nikisisimka, nakichukua. Nisiposisimka, nitakunywa chai yako niende zangu."

Dada akaweka simu chini, akakaa sakafuni. Alikuwa amekwisha kujiapiza: huyu wa tatu naye akikataa, mswada unaingia kabatini na hautoki, na yeye anabaki na meno ya watu mpaka uzee.

Basi ikawa, Jumapili iliyotangulia siku hiyo kuu, tukakusanyika sebuleni ili afanye mazoezi. Na Dada ana taratibu zake za kusoma. Hawezi kuua mtu kwenye mwanga. Alifunga madirisha yote ya nyumba, akavuta mapazia, akawasha mshumaa saa tisa za mchana, akaanza. Alipofika pale mjane anapoweka mguu kwenye ngazi ya mwisho, upepo ulikuwa umeamka nje. Na kutoka kwenye korido ya vyumbani ikaja sauti. Tena zilikuwa mbili: moja nyembamba kama uzi unaotafuta tundu la sindano, nyingine nene, ya kifuani, zikapanda, zikashuka, zikakaa.

Mama akaweka kikombe chini.

"Nani huyo?"

"Mama, hii ni sura ya nane."

"Sura ya nane ndiyo inayolia?"

Mshumaa wenyewe ulikuwa unafikiria kuondoka. Ndipo Mama, Ngome ya Ukoo, mwanamke ambaye hata paka wa jirani humpisha njia, akasimama akahutubu:

"Nilizaa mtoto nikamsomesha. Nikanyamaza alipochinja watu juu ya meza yangu ya chakula, kwa sababu nilijua ni watu wa karatasi. Lakini hawa wenu sasa wamekuja na vyombo vyao. Basi nisikilizeni. Mpaka muziki huo utoke, kitabu hicho hakisomwi ndani ya nyumba hii. Hata jalada."

"Mama, Mhariri anakuja Jumamosi!"

"Aje. Atakuta chai."

Madirisha yakafunguliwa, mapazia yakavutwa, na muziki ukakoma papo hapo, jambo lililomthibitishia Mama kila kitu.

Juma zima tuliuzingira uvungu wa kila kitanda. Tulihamisha makabati, tukapekua dari, tukamhoji hata yule paka. Na kwa kuwa hakuna anayetafuta mzimu gizani kwa hiari yake, tulifungua madirisha yote ili tuone vizuri, na kila tulipoyafungua kinanda kilinyamaza, nasi tukatazamana tukasema, "Unaona? Kinajificha."

Sasa geuzeni nyuso zenu kwa shujaa. Huyu ni Shemeji, mume wa dada yangu, ambaye mtaa mzima unamwita Bwana Kesho, mwenye bisibisi za kila ukubwa na kazi isiyomalizika ya kila aina. Miezi kadhaa nyuma alikuwa ameng'oa kitasa kibovu cha mlango wa stoo ili atie kipya. Mlango huo, ole wake, unatazamana na mlango wa chumba cha Mama. Naye Shemeji ni mkwe wa mtindo wa zamani: humsalimia Mama akiangalia kona ya zulia, na akitaka kupita mbele yake hujikunja kama mwavuli. Siku ile, akiwa amepiga goti pale na kitasa mkononi, alimsikia Mama akikohoa chumbani. Shemeji akaona haya kukutwa mlangoni kwa mama mkwe. Akatia kitasa mfukoni, akarudi nyumanyuma mpaka sebuleni, na hakuonekana tena katika korido ile. Mlango wa stoo ukabaki na matundu yake mawili, la ufunguo na la mkono wa kitasa. Ukimwuliza, "Shemeji, mlango vipi?" alijibu, "Kesho."

Msikilizaji mwerevu ameshaanza kutikisa kichwa. Atulie. Sisi tulikuwa tunaishi humo ndani na hatukuona.

Ikafika asubuhi ya Jumamosi. Dada hakulia. Alichukua mswada, akaufunga ndani ya shuka kuukuu kama mtu anayemfunga maiti, akafungua kabati, akaulaza kwenye rafu ya chini. Shemeji alikuwa mlangoni akitazama. Nami naapa kwamba pale pale kitu fulani katika mgongo wake, kilichokuwa kimelala tangu harusi, kilinyooka.

"Mke wangu," akasema, "leo."

"Leo nini?"

"Leo."

Neno hilo halikuwahi kusikika kinywani mwake. Nilitoka jikoni kuja kuhakikisha.

Akafunga madirisha yote kama Dada afanyavyo, akavuta mapazia, akasimama katikati ya sebule akisubiri. Upepo ukaja. Kinanda kikalia. Naye, badala ya kukimbia nje kama nilivyofanya mimi kwa sababu za kiafya, akainamisha kichwa kama jemadari anayenusa moshi wa kambi ya adui, akaifuata sauti. Akaingia korido, akapita bafu, akafika mlango wa stoo, akapiga goti, akaweka sikio. Hewa baridi ya dirisha bovu la stoo ikampuliza sikioni. Akayatazama yale matundu mawili. Akayatambua, kama mtu anavyoitambua sauti yake mwenyewe kwenye rekodi: taratibu, kisha kwa aibu.

Akatoa kitasa kipya mfukoni. Kilikuwa kidogo, kikaingia tunduni kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha babu, kikaangukia stoo. Maduka ni mbali, na Mhariri alikuwa njiani. Shujaa akatazama kulia, akatazama kushoto, akavua kiatu, akavua soksi, ndefu ya kutosha matundu yote mawili. Na kwa kuwa tendo hili halistahili kusemwa kwa maneno ya kawaida, nimelitungia ubeti:

Bisibisi mkononi,
akapiga goti chini;
soksi akatia ndani
na kote pakatulia.

Kote, ila mlango wa pili. Ukafunguka nyuma yake.

"Baba?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unafanya nini mlangoni kwangu na mguu mtupu?"

"Mama," Shemeji akaiambia kona ya zulia, "adui amepatikana. Sikumkuta kaburini wala darini. Yule mpiga kinanda aliyeitikisa nyumba yako, aliyeufunga mswada wa binti yako kabatini, ni mimi. Mimi niliyeng'oa kitasa, mimi niliyeacha matundu. Mke wangu akifunga madirisha, upepo hauna pengine pa kupita. Nihukumu, lakini kitabu kiache kisomwe."

Mama akainama. Akachomoa soksi: kinanda kikalia. Akairudisha: kimya. Akaichomoa tena, kwa uhakika, na mara nyingine kwa raha yake.

"Na kwa nini ulikimbia kazi siku ile?"

"Ulikohoa, mama."

Mama akamtazama sana.

"Nilikuwa na mafua," akasema.

Marufuku ikaondolewa. Mswada ukafufuliwa. Mhariri akaja, akapewa chai, akauliza kwa upole kwa nini Shemeji amevaa soksi moja, akajibiwa kwamba ni hadithi ndefu. Madirisha yakafungwa, mshumaa ukawashwa, na Dada akaanza kusoma sura ya nane katika ukimya uliopatikana kwa jasho.

Na hapo, enyi wasikilizaji, ndipo tulipojua kwamba unaweza kushinda vita na bado ukapoteza mji. Dada alisoma kwamba kinanda kililia kwa huzuni isiyo kifani. Kwamba kiligandisha damu. Kwamba kilitisha kupita maelezo. Nje upepo ulivuma na haukusaidia kitu. Mhariri akaangalia kucha zake. Akashusha miwani ya kichwani, akaipandisha ya puani.

"Samahani, mwanangu," akasema. "Naambiwa kinanda kinatisha. Naambiwa kina huzuni. Naambiwa tu. Sijakisikia."

"Nisome tena?" Sauti ya Dada ilikuwa imekonda.

"Ukisoma tena, nitaambiwa tena." Akaanza kutafuta mkoba wake.

Shemeji alimwona mkewe akipapasa lile shuka kuukuu pembeni ya kiti. Akainuka. Lakini njia ya korido ilipita mbele ya kiti cha Mama, kati ya magoti yake na meza ya chai, pengo ambalo mkwe mwenye adabu zake hapiti hata nyumba ikiungua. Akasimama pale, amejikunja, ameshika mgongo wa kiti, hawezi mbele wala nyuma. Na mkono wa Mhariri ulikuwa umekwisha kuupata mkoba.

Mama akamtazama binti yake. Akamtazama mkwe wake. Kisha Ngome ya Ukoo ikainua miguu yake yote miwili juu ya kiti, kama msichana.

"Pita, baba," akanong'ona.

Akapita. Tukasikia nyayo koridoni, mguu wa kiatu na mguu wa kandambili. Tukasikia goti. Kisha, kwa mchomoo mmoja ambao nauweka pamoja na michomoo mikuu ya panga zote za kale, soksi ikatoka.

Kinanda kikalia.

Dada akainua kichwa. Alijua ni nini, kama sisi sote tulivyojua, lakini alisikiliza kama mtu ambaye kwa miaka mitatu ameeleza sura ya mgeni na sasa mgeni kaingia. Akaweka karatasi mapajani. Akasema polepole, bila kusoma:

"Haikuwa huzuni. Ilikuwa kama mtu anayepuliza uji wa mtoto, aupoze. Na mjane, ambaye mama yake alizikwa kabla yeye hajajua kushika kijiko, akafungua mdomo."

Mhariri akashika ukosi wa gauni lake. Akabaki ameushika. Mkoba ukaanguka na hakuna aliyeuokota.

"Sentensi hiyo iko ukurasa gani?" akauliza hatimaye.

"Haimo."

"Iandike kabla haijapoa. Na hicho kinacholia huko ndani?"

Mama hasemi uongo hata kwa faida. "Ni mlango wa stoo," akasema. "Mkwe wangu aling'oa kitasa."

"Nimejua ni mlango," Mhariri akajibu. "Milango nimeisikia maisha yangu yote. Sijapata kuusikia mmoja ukipuliza uji. Kitabu nakichukua."

Shujaa akatokea kwenye mlango wa korido, nywele zimejaa utando wa buibui, soksi mkononi kama bendera ya mji uliotekwa. Dada akamwangalia. Akacheka, akalia, akamwambia, "Vaa soksi yako, mume wangu, miguu itapata baridi." Na majeshi hayajawahi kupokelewa kwa hotuba nzuri kuliko hiyo.

Mhariri alipokwisha kuondoka, Mama akatoa amri ya mwisho. Mlango wa stoo usitiwe kitasa, usizibwe, usiguswe, kwa sababu mtoto wake bado ana vitabu vya kuandika.

"Nisiutengeneze, mama?" Shemeji akauliza. Kwa mara ya kwanza aliuliza akimwangalia usoni.

"Usiutengeneze."

"Hata kesho?"

"Hata kesho, baba."

Basi na iandikwe katika tarehe za dunia, chini ya wale waliobomoa kuta na kuvuka majangwa, kwamba alikuwako mtu mmoja aliyeacha kazi nusu, na nusu hiyo ikatosha. Aliyepunguza moto, aongeze.